Kulea mtoto wa mbwa kwa zawadi badala ya fimbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa anayelea mtoto wa mbwa katika nyumba za kwetu: yenye geti, kuku wa jirani, bodaboda zinazopita, watoto wa mtaa na fundi anayekuja bila taarifa.

Mtoto wa mbwa achukuliwe akiwa na umri gani?

Wiki nane. Wanaouza barabarani huwatoa wakiwa na wiki tano au sita, kwa sababu ndipo wanapoanza kula sana na kumgharimu mwenye nao. Mnunuzi ndiye hulipia baadaye. Kati ya wiki ya tano na ya nane mtoto hucheza na ndugu zake na kujifunza kupima nguvu za meno: akiuma kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo hufa. Aliyekosa somo hilo huuma mikono ya watu kwa nguvu zile zile, na kumfundisha upya huchukua miezi.

Muuzaji akikuapia kwamba ana miezi miwili, mfungue mdomo. Wa wiki nane anakuwa na seti ya meno ya utotoni iliyojaa au karibu kujaa (yote ni 28), membamba na makali kama sindano. Ukikuta magego ya nyuma ndiyo kwanza yanachomoza, umri umeongezewa chumvi.

Kwa nini kila mtu husisitiza wiki za mwanzo?

Kwa sababu ubongo wa mbwa una msimu wake wa kupokea mambo mapya. Msimu huo hufunguka akiwa na wiki 3 hivi na huanza kufunga kati ya wiki ya 12 na ya 14. Ndani ya muda huo, kitu kipya kisichomdhuru huingia kwenye hesabu ya vitu vya kawaida. Baada ya hapo, kitu kipya huhesabiwa hatari mpaka kithibitishwe vinginevyo.

Mwaka 1961 watafiti wa Maabara ya Jackson, Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, walichapisha matokeo ya watoto wa mbwa waliolelewa ndani ya ua mrefu bila kushikwashikwa na watu. Wengine walitolewa mmoja mmoja wakiwa na umri tofauti, wakakaa na binadamu kwa wiki moja, kisha wakarudishwa. Waliotolewa kati ya wiki ya 5 na ya 9 walizoea watu vizuri zaidi. Waliosubiri hadi wiki ya 14 walibaki kama wanyama wa porini.

Piga hesabu: ukimchukua akiwa na wiki nane, umebakiwa na wiki nne hadi sita. Muda wa kusema "nitamzoesha akikua" haupo.

Lakini chanjo hazijakamilika. Si atapata parvo?

Hofu hiyo ni ya haki. Virusi vya parvo hutoka na kinyesi, hukaa udongoni kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haviijali. Mtoto asiye na kinga hutapika, huharisha damu, na anaweza kufa ndani ya siku chache.

Chanjo ya kwanza hutolewa akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Hurudiwa kwa sababu kinga aliyonyonya kwenye maziwa ya mama huizima chanjo, na hakuna anayejua siku hasa kinga hiyo itakapokwisha kwa mtoto fulani. Kwa hiyo ukisubiri chanjo ya mwisho ndipo umtoe nje, unamtoa akiwa na miezi minne, msimu wa kuzoea ukiwa umeshafungwa. Chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa msimamo wake mwaka 2008: mtoto anaweza kuanza madarasa ya kuzoeshwa akiwa na wiki 7 au 8, mradi ziwe zimepita siku 7 tangu chanjo ya kwanza na awe amepewa dawa ya minyoo.

Sisi tunashauri hivi: atoke, ila asikanyage. Mweke ndani ya kikapu cha sokoni au mbebe mkononi, ukae naye kwenye benchi karibu na kituo cha daladala kwa dakika kumi. Mpandishe gari. Mkae kibarazani mkitazama wapita njia. Akihitaji kutembea, atembee kwenye ua wako, au kwa rafiki ambaye mbwa wake wamechanjwa na hawajaugua. Jalalani, machinjioni na vichochoro vinavyopitwa na mbwa wasio na mwenyewe, asiguse kabisa.

Kama hapo kwako aliwahi kufa mbwa kwa parvo, safisha sakafu ya saruji kwa jiki: sehemu moja ya jiki kwa 30 za maji, iache dakika kumi, ndipo usuuze. Ondoa uchafu kwanza, maana jiki ikikuta kinyesi huishiwa nguvu. Udongo hausafishiki kwa jiki, kwa hiyo upande wa ua wenye udongo usiutumie.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu, na hurudiwa kwa ratiba atakayokupa daktari, kwa kawaida kila mwaka.

Kumzoesha maana yake nini hasa?

Wengi hudhani ni kumpitisha mikononi mwa watu. Sivyo. Kumzoesha ni kumpa nafasi ya kuona, kusikia na kunusa kitu kwa umbali ambao hakimtishi, huku jambo zuri likitokea.

Mfano wa karibu: bodaboda. Simama naye mita 20 kutoka barabarani. Pikipiki inakuja, masikio yanasimama, anaitazama. Papo hapo mpe kipande cha ini. Imepita, vipande vinakoma. Baada ya nne au tano utaona amesikia mlio na kichwa kinageukia mkono wako badala ya barabara. Hapo ndipo unasogea mita tano mbele. Ukiona amekataa ini ambalo nyumbani hulipigania, umemsogeza mno, rudi nyuma. Mtoto mwenye hofu hali, na hiyo ndiyo dalili rahisi kuliko zote. Nyingine ni kupiga miayo bila usingizi, kulambalamba pua, kugeuza uso, mkia kuingia kati ya miguu, na weupe wa macho kuonekana pembeni.

Orodha ya kila nyumba ni yake, ila ya kwetu haikosi haya: mwanamke aliyevaa buibui na nikabu, mwanamume mwenye kofia ngumu ya pikipiki, mzee mwenye mkongojo, watoto wanaokimbia na kupiga kelele, mtu aliyebeba mzigo kichwani, mkokoteni, mwavuli unaofunguka, ufagio, jenereta, mvua juu ya bati, mbuzi, paka, sakafu ya vigae, ngazi na wavu wa mfereji. Viwili au vitatu kwa siku vinatosha. Kumjaza vyote Jumamosi moja ni kumchosha na kumtisha.

Jirani zangu hawagusi mbwa kwa sababu ya dini. Nitamzoesha vipi?

Vizuri tu, na pengine vizuri kuliko anayeishi na watu wanaomkumbatia mbwa kila hatua. Kwa madhehebu ya Shafii, wanayoyafuata Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichopatwa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu aliyetia udhu akielekea msikitini hana haja ya pua mbichi kwenye kanzu yake.

Mbwa hahitaji kuguswa na mtu ili amzoee. Kaa naye kando ya njia, kamba fupi mkononi, na kila anapopita mtu, wewe mwenyewe mpe kitonge. Atajifunza kwamba mtu akipita, yeye hukaa na kumtazama mwenye kamba. Hiyo ndiyo adabu utakayotaka akiwa na kilo 35.

Zawadi inafundishaje? Si namzoesha rushwa?

Rushwa huonyeshwa kabla ya kazi. Zawadi huja baada yake. Mnyama yeyote hurudia kilichomletea faida, na hapa Tanzania kuna ushahidi wa kutosha: Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya huzoeshwa watu na kelele tangu wakiwa wadogo, kisha hufundishwa kwamba mlio mfupi wa "tik" humaanisha chakula kinakuja. Akigusa harufu sahihi, tik, kisha kipande cha ndizi. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020. Hakuchapwa hata mara moja. Mbwa, aliyeishi na binadamu maelfu ya miaka, hawezi kumshinda panya?

Badala ya kidude cha kulia tik, tumia neno moja fupi. "Safi!" linafaa. Kabla ya somo lolote, sema "Safi!" na umpe kitonge ndani ya sekunde mbili, rudia mara 15, pumzika, rudia tena jioni. Akianza kugeuka haraka kila alisikiapo, neno limeshika. Kuanzia hapo linafanya kazi kama kamera: sekunde unayosema "Safi!" ndiyo picha anayobaki nayo. Ukisema akiwa amekaa, umelipia kukaa. Ukichelewa mpaka ameinuka, umelipia kuinuka, na kosa hili ndilo linalowafanya watu waseme mbwa wao ni mjinga.

Nitumie chakula gani, na kiasi gani?

Ini la ng'ombe au kuku, lichemshwe dakika 10 hadi 15 bila chumvi wala kitunguu, lipoe, likatwe vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Gramu 100 hutoa vipande zaidi ya mia. Gawa kwenye vifuko vya siku moja moja na ugandishe. Ini likizidi huharisha, na vitamini A yake hujirundika mwilini, kwa hiyo lipokezane na yai la kuchemsha, kuku asiye na mfupa, au dagaa waliolowekwa kutoa mchanga na chumvi, kila dagaa akatwe mara tatu.

Zawadi zote za siku zisipite sehemu moja ya kumi ya chakula chake. Ukifundisha sana, punguza kwenye bakuli. Kwa mambo rahisi ya ndani ya nyumba, tumia chakula chake cha kawaida. Ini liwekee masomo magumu: kuitikia "njoo", kuacha kuku wa jirani, na kwenda kwa daktari.

Ugali mtupu si chakula cha mtoto wa mbwa. Unashibisha, lakini haujengi mifupa. Chokoleti, zabibu, vitunguu, vitunguu saumu, makadamia na jojo zisizo na sukari zenye zailitoli (xylitol, kitia utamu badala ya sukari) ni sumu. Mifupa iliyopikwa huvunjika vichane na kutoboa utumbo.

Amri ziwe kwa lugha gani?

Yoyote, mradi iwe moja. Mbwa hajui Kiswahili wala Kiingereza, anajua sauti. Tatizo la nyumba nyingi ni kwamba baba anasema "njoo", watoto wanasema "kuja", na mgeni anapiga mluzi. Andikeni maneno matano kwenye karatasi na kuibandika jikoni: njoo, kaa, lala, acha, subiri. Jina liwe fupi na lisifanane na amri. Aliyemwita mbwa wake Kaka atapata shida kwenye "kaa".

Nianze na lipi, na kwa hatua gani?

Anza na "kaa", kwa sababu mbwa aliyekaa hawezi kumrukia mtu wala kupenya getini.

1. Mbwa akiwa amesimama, weka kitonge mbele ya pua yake, karibu kabisa, bila kukiachia.
2. Kipandishe polepole kuelekea nyuma ya kichwa. Pua ikipanda, makalio hushuka. Akirukia, umeinua mno. Akirudi kinyumenyume, fanyia kwenye kona ya ukuta.
3. Makalio yanapogusa chini: "Safi!", mpe.
4. Baada ya mara sita hivi, fanya ishara ile ile na mkono mtupu. Toa kitonge mkono wa pili.
5. Akishafuata mkono mtupu, ndipo useme "kaa" mara moja, subiri sekunde moja, kisha ishara.

Watu wengi huanza na neno, wakilirudia mara kumi huku mbwa anatazama ndege. Anachojifunza ni kwamba "kaa kaa kaa kaa" ni kelele za kawaida za nyumba hii. Masomo yawe ya dakika tatu hadi tano, mara tatu au nne kwa siku, asubuhi mapema na jioni jua likipoa. Somo likimalizika mbwa bado ana hamu, kesho litaanza vizuri.

"Njoo" hufundishwa ndani ya nyumba kwanza, hatua mbili, kisha tano, kisha chumba kingine, kisha uani. Kila anapokuja alipwe vizuri, na usimwite kamwe kwa jambo asilolipenda. Ukitaka kumwogesha, mfuate. Ukimwita ukamchapa kwa kosa la dakika tano zilizopita, umemchapa kwa kuja.

Anakojoa ndani kila siku. Nimemsugua pua kwenye mkojo na haachi.

Haachi kwa sababu hajaelewa. Alichoelewa ni kwamba wewe na mkojo mkiwa chumba kimoja mambo huharibika, kwa hiyo sasa anakwenda nyuma ya kochi. Huyo ni mgumu zaidi kumfundisha kuliko uliyempokea.

Kibofu kina kikomo. Kwa makadirio, akiwa macho na ametulia anaweza kubana saa nyingi kama miezi yake ukiongeza moja: wa miezi miwili, saa tatu kwa taabu. Akicheza, ni chini ya hapo sana. Mtoe akiamka tu, dakika 5 hadi 20 baada ya kula, katikati ya mchezo na baada yake, na kabla ya kulala. Usiku tegemea kuamka mara moja au mbili mpaka afikishe miezi minne hivi. Mpeleke sehemu ile ile, kamba mkononi, simama kimya. Akimaliza, "Safi!" na kitonge pale pale. Ukimlipa baada ya kurudi mlangoni, umelipia kuingia ndani. Na usimrudishe mara tu anapomaliza. Mpe dakika mbili za kunusanusa, la sivyo atajifunza kubana ili aendelee kukaa nje.

Mtoto huzoea aina ya sakafu mapema. Aliyelelewa kwenye banda la saruji atatafuta saruji, na sebule yako ya vigae kwake ni choo kikubwa. Kwa wiki mbili za mwanzo asizurure: awe mbele ya macho yako, au kwenye kreti (kizimba kidogo cha kulalia), au kwenye kiduara cha uzio. Kreti iwe ya kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, si zaidi, na isiwe gereza la kutwa.

Palipochafuka, futa, osha kwa sabuni, kisha siki na maji nusu kwa nusu. Sabuni peke yake huacha harufu ambayo sisi hatuisikii. Siki na jiki visikutane, hutoa hewa ya sumu.

Anauma mikono, pindo za kanga na kandambili.

Ni mtoto, na mdomo ndio mkono wake. Kuanzia miezi minne meno ya utotoni huanza kung'oka, na kufikia miezi sita au saba huwa na 42 ya ukubwani. Katikati ya hapo fizi huwasha. Akigusa ngozi kwa meno, mchezo unasimama: mikono kifuani, uso pembeni, sekunde 15. Akitulia, mchezo unarudi, safari hii na kitu cha kutafuna. Kipande cha kanga kuukuu kilichofungwa mafundo, kikaloweshwa na kugandishwa, kinafaa sana. Kandambili ya zamani haifai, maana hatofautishi ya zamani na mpya.

Watoto wafundishwe kusimama kama mnazi: wima, mikono mwilini, kimya. Anayekimbia akipiga kelele ni mchezo mtamu kuliko wote. Mtoto wa mbwa hulala hadi saa 18 kwa siku, na anayeuma bila kukoma jioni mara nyingi ana usingizi.

Nataka mbwa mkali wa ulinzi. Zawadi hazitamfanya mlegevu?

Swali hili ndilo linaloharibu mbwa wengi kuliko yote. Kawaida ya mitaani ni kumfungia mtoto bandani mchana, kumfungulia usiku, kumkataza wageni wote, na wengine humpa pilipili au bangi "awe mkali". Pilipili humchoma tumbo tu. Bangi ni sumu kwake: huyumba, hujikojolea, na dozi kubwa humpeleka kwa daktari. Kufungiwa humzalisha mbwa anayeogopa kila asichokijua, na hofu si ulinzi. Mbwa mwenye hofu humuuma dada wa kazi, fundi bomba na mtoto wa jirani aliyefuata mpira, kisha mwizi halisi akija na tochi na kipande cha nyama, hujificha au huila.

Kubwekea mtu wa ajabu huja kwenyewe, mara nyingi mbwa anapokaribia utu uzima. Aliyezoeshwa vizuri anajua mtu wa kawaida anafananaje, hivyo anayeruka ukuta saa nane usiku humstua kwa kuwa ni tofauti. Asiyezoeshwa hubwekea kila kitu usiku kucha, na mwisho hakuna anayeamka kutazama.

Kazi ya vitendo ni hii: mlinzi wa geti amlishe mara kadhaa kwa wiki, na kengele ya geti iwe ishara ya kwenda kwenye mkeka wake. Piga kengele, tupa vipande vitatu vya ini mkekani, mara tano kwa siku kwa wiki moja. Baada ya hapo kengele yenyewe itampeleka.

Anakimbiza kuku.

Kukimbiza ni zawadi yenyewe, hivyo kila mara anapofaulu anajilipa. Mfunge kamba ya mita 3 na uanze kwa umbali ambao anawaona lakini bado anakula. Akiwatazama kisha akageuka kwako, "Safi!" na ini. Punguza umbali taratibu, kwa wiki, si kwa siku. Bila kamba asiachwe na kuku mpaka apite mwezi mzima bila kujaribu. Kumfunga kuku mfu shingoni hakufundishi kitu, kunamuozea tu.

Ananguruma nikikaribia bakuli lake.

Usimwadhibu kwa kunguruma. Mngurumo ni onyo, na ukiuzima utabaki na mbwa anayeuma bila onyo. Pita mita mbili kutoka kwenye bakuli, tupa kitu kitamu kuliko kilichomo, endelea na safari. Siku zikipita na mwili wake umelegea, karibia kidogo. Lengo ni afurahi ukija. Mchezo wa kutia mkono kwenye chakula "kumpima" ndio unaozaa tatizo hili. Kama ameshauma, au kuna watoto wadogo nyumbani, tafuta msaada wa mtaalamu kabla ya kujaribu lolote, na watoto wasimkaribie akila.

Anaogopa daktari, na kukata kucha ni vita.

Mzoeshe kushikwa nyumbani, dakika mbili kila siku: sikio, mdomo, kila wayo, mkia. Mpangilio ni muhimu: mkono kwanza, kitonge baadaye. Shika sikio, "Safi!", mpe. Ukitanguliza kitonge ndipo ushike sikio, atajifunza kwamba ini ni dalili ya kuvamiwa, na ataanza kukimbia akiliona. Kila baada ya muda mpeleke kliniki apimwe uzito tu, ale vitonge mezani, arudi nyumbani.

Fataki, radi na ngoma za harusi?

Cheza sauti hizo kwenye simu, chini sana, wakati anakula. Kesho pandisha kidogo. Akiacha kula, shusha. Usiku wa fataki wenyewe si wa kufundisha: mfungie ndani, madirisha yafungwe, redio iwake, na kumbembeleza hakumharibu.

Analia usiku mzima.

Wiki ya kwanza mweke kwenye boksi au kreti karibu na kitanda chako, umguse kwa mkono akilia. Kisha isogeze hatua moja moja hadi unapotaka alale. Mchana mzoeshe upweke kwa vipimo vidogo: sekunde 30, dakika 2, dakika 5, ukirudi kabla hajaanza kulia.

Wa kienyeji anafundishika?

Sawa na wa kizungu. Mara nyingi huwahi kujifunza na huchoka kurudia, kwa hiyo fupisha masomo.

Amemkwaruza mtoto kwa meno. Tufanye nini?

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, saa mkononi, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ana cheti cha chanjo; daktari ndiye ataamua kuhusu sindano. Pilipili, mafuta ya taa au majani yasiwekwe. Mbwa asiuawe: afungiwe salama na atazamwe siku 10 chini ya daktari wa mifugo. Kampeni nyingi za chanjo hufanyika kuzunguka tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi huwa bure.

Ana miezi minane na amesahau kila kitu.

Hajasahau, amebalehe. Kuanzia miezi sita hivi harufu za nje huwa na thamani kuliko ini lako, na vitu alivyovizoea vinaweza kumtisha tena kwa wiki chache. Rudisha kamba, safari hii ya mita 10. Usiseme "njoo" isipokuwa una uhakika atakuja au unaweza kumvuta taratibu. Rudi kwenye zawadi bora, rudi kwenye umbali wa mwanzo kwa kila kilichomtisha, na ongeza kazi ya pua: tawanya chakula chake cha asubuhi kwenye nyasi akitafute kwa dakika 15. Wengi hutulia kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Mbwa wakubwa huchukua hadi miaka miwili.